Pini au Spiriti: Kumweleza Mdudu Mpya wa Mabawa ya Wavu kutoka Amani

Katika misitu ya Amani, juu ya Muheza, mtu akitundika shuka jeupe nyuma ya taa baada ya sala ya Isha, muda si mrefu shuka hujaa nondo, mbawakawa na kumbikumbi, na miongoni mwao hutua mdudu mwembamba wa kijani kibichi, mwenye macho yanayong'aa kama dhahabu na mabawa manne anayoyakunja juu ya mgongo mfano wa paa la nyumba. Mabawa hayo ni maangavu, na mishipa yake imesukwa kama lesi ya gauni la bibi harusi. Huyo ni wa familia ya Krisopidi, katika oda ya Nyuroptera, jina ambalo Linnaeus alilitoa mwaka 1758 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya ukano na bawa. Familia hii ina spishi zipatazo 1,400 zilizokwisha kupewa majina duniani, na kwa kuwa misitu ya Usambara Mashariki ina viumbe wengi wasiopatikana mahali pengine popote, si jambo la ajabu mtu wa Tanga kumshika mmoja asiyelingana na yeyote aliyekwisha kuelezwa.

Maneno haya nayaandika kwa ajili ya mtu huyo. Kabla hajaandika hata mstari mmoja wa maelezo, anatakiwa kuchagua kama mdudu wake atakaushwa kwenye pini au atatiwa ndani ya chupa ya spiriti, na uchaguzi huo, ambao mara nyingi hufanywa usiku uleule huku macho yamejaa usingizi, ndio utakaoamua ni viungo gani ataweza kuvieleza kwa uhakika na ni vipi atavikuta vimeharibika. Makumbusho makubwa hutumia njia zote mbili, kwa hiyo sitasema kwamba mojawapo ni mbaya. Ninachotaka kuonyesha ni kile ambacho kila njia inakihifadhi na kile inachokipoteza, maana hakuna inayohifadhi vyote.

Tuanze na rangi, kwa sababu ndiyo inayopotea kwanza. Kijani cha mdudu huyu hakidumu baada ya kifo. Kwenye pini hugeuka taratibu kuwa manjano, na ndani ya spiriti hufifia upesi zaidi mpaka mdudu mzima akabaki na weupe wa majimaji. Lakini kijani si alama kubwa ya kutofautisha spishi, kwa kuwa karibu ndugu zake wote wanacho. Alama zenye maana ni vidoa vyekundu, vyeusi au vya kahawia vilivyoko mashavuni, juu ya mdomo, kwenye pingili ya kwanza ya kipapasio, na pembezoni mwa kipande cha mbele cha kifua, pamoja na mstari wa manjano ambao kwa spishi nyingi hupita katikati ya mgongo tangu kichwani hadi mwisho wa fumbatio, yaani tumbo la mdudu. Vidoa hivyo hukaa miaka mingi kwa mdudu aliyekaushwa vizuri, ilhali kwenye spiriti vile vyekundu huanza kuhama na kufifia. Katika jambo hili pini inashinda waziwazi. Hata hivyo njia ya hakika kuliko zote ni kumpiga picha mdudu akiwa hai, mwangani, kabla ya uamuzi wowote mwingine, kisha kuandika rangi kwa maneno wakati bado unamtazama.

Mabawa ndiyo yanayohitaji subira kuliko kiungo kingine cha nje. Kila bawa lina mishipa mirefu inayotoka shinani kwenda kwenye ncha, na mishipa mifupi ya kukatiza inayoiunganisha ile mirefu na kufanya vichumba. Anayeeleza spishi mpya hutakiwa kuhesabu mishipa ya kukatiza iliyoko kwenye ukingo wa mbele, kuhesabu ile iliyopangwa kama ngazi katika safu mbili, ya ndani na ya nje, karibu na ncha ya bawa, na kueleza umbo la kichumba kidogo kilichoko kati ya matawi ya mshipa wa katikati. Kichumba hicho kinaweza kuwa na umbo la yai au la pembe nne, na wataalamu huangalia pia kama mshipa wa kwanza wa kukatiza unaotoka juu unakigusa ndani ya eneo lake au unaangukia nje yake. Ni jambo la sehemu ndogo ya milimita, nalo linaweza kumhamisha mdudu kutoka jenasi moja, yaani kundi la spishi zenye udugu wa karibu, hadi nyingine. Zaidi ya hayo, mishipa mingine ni ya kijani yote na mingine imetiwa weusi kwenye maungio tu, na weusi huo nao ni alama.

Mdudu aliyewekwa kwenye pini na kutandazwa mabawa juu ya ubao wenye mfereji anasomeka kama ramani. Pini hupita kwenye sehemu ya kati ya kifua, upande wa kulia kidogo, ili upande wa kushoto ubaki mzima, kisha mabawa huvutwa kwa vipande vya karatasi laini na kuachwa hadi yakauke. Yule wa spiriti, kwa upande wake, hutoka chupani mabawa yakiwa yameshikana kama kanga mbichi iliyokunjwa bila kukamuliwa. Si kwamba hayafunguki. Ukiyaweka ndani ya sahani yenye maji na kuyatenganisha kwa unyoya hufunguka, na unaweza kulikata moja ukalilaza kwenye kioo cha hadubini, ila kazi hiyo ni ya kutetemesha mikono na bawa moja kati ya machache huchanika. Kwa anayetegemea mabawa, basi, pini tena.

Kuna kiungo kimoja cha bawa ambacho ningependa kila mwandishi wa maelezo akitaje, ingawa wengi hukiruka. Shinani mwa bawa la mbele, kwenye mshipa mmojawapo mkubwa, pana uvimbe mdogo ambao ndani yake limo sikio. Mtafiti Lee Miller na wenzake walionyesha kwamba kwa sikio hilo mdudu huyu husikia sauti nyembamba za popo ambazo sisi hatuzisikii, naye akizisikia akiwa angani hukunja mabawa na kujiangusha chini. Uvimbe huo huonekana vizuri kwa mdudu mkavu akitazamwa kutoka chini, lakini anayetaka kueleza utando wake na neva zilizomo ndani hana budi kuwa na mdudu aliyehifadhiwa kwenye majimaji, kwa kuwa mnofu ukishakauka haurudi. Hapa ndipo spiriti inapoanza kudai haki yake.

Haki hiyo inaongezeka tukifika kwenye fumbatio. Kwa wadudu wa familia hii, wawili wanaofanana kwa rangi na kwa mabawa wanaweza kuwa spishi mbili tofauti kabisa, na tofauti yao ikawa imefichwa kwenye viungo vya uzazi vya dume, ndani ya pingili za mwisho za fumbatio. Kwenye pini, fumbatio hunywea na kukunjamana, likabaki kama pilipili iliyoachwa juani. Kwenye spiriti hubaki limejaa, pingili zake zinahesabika, na vitundu vya hewa vya ubavuni vinaonekana. Mtu akiwatazama wadudu hao wawili sambamba ataona kwamba jambo limekwisha, achague spiriti.

Halijakwisha, na sababu yake ni kwamba sehemu ngumu za viungo hivyo haziharibiki kwa kukauka. Huo ndio ukweli ulionifanya nibadili mwenendo wangu. Hukatwa ncha ya fumbatio la mdudu mkavu kwa mkasi mwembamba, karibu na pingili ya sita, ikalowekwa usiku kucha ndani ya haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10. Asubuhi mafuta na mnofu wote umeyeyuka, na kile kilichokuwa kikavu na kilichojikunja kimevimba na kurudi umbo lake, angavu kama ganda la ndani la kitunguu. Huoshwa kwa maji yenye siki kidogo, hutiwa tone la rangi nyeusi ya maabara ili kingo zionekane, kisha huhamishiwa kwenye gliserini. Sasa weka jicho kwenye hadubini na uisukume kwa ncha ya sindano. Utaona upinde mwembamba wa kahawia umesimama ukivuka upana wa mwili, nao wataalamu huuita gonakasi. Katikati ya upinde umechomoza mdomo mdogo uliopinda kama wa kasuku, ambao ni asesasi. Geuza kidogo, na umbo la mdomo huo linabadilika mbele yako, mara limechongoka, mara lina mifereji miwili. Kwa jike utakuta kifuko cha kuhifadhia mbegu za dume, bapa na cha mviringo kama kikopo cha dawa, na mrija wake umejizungusha mara nyingi. Vitu hivyo vyote vinatoka kwa mdudu mkavu sawasawa na vinavyotoka kwa yule wa chupani, na mwishowe hutiwa ndani ya kichupa kidogo chenye gliserini na kuchomekwa kwenye pini ileile, chini ya mwenyewe, visije vikapotezana.

Kwa hiyo hesabu inakuwa hivi: anayechagua pini anapoteza sura ya nje ya fumbatio na minofu, lakini sehemu ngumu za ndani anazipata kwa kuloweka, anayechagua spiriti anapoteza vidoa vya rangi na hali nzuri ya mabawa, na rangi iliyopotea hairejeshwi na dawa yoyote. Kwa maelezo ya spishi mpya, ambayo hujengwa zaidi juu ya vidoa, mabawa na sehemu ngumu za uzazi, hasara ya pini ni ndogo kuliko hasara ya spiriti. Mtu mwenye nia ya kueleza minofu ya mabawa, utumbo, au tezi zilizoko mbele ya kifua ambazo kwa baadhi ya spishi hutoa harufu mbaya mdudu akishikwa, huyo afuate spiriti bila kusita.

Kwa mabuu hakuna mjadala. Buu la mdudu huyu ni laini kote isipokuwa kichwa na taya zake mbili zilizopinda kama mundu, ambazo kila moja imeundwa na vipande viwili vilivyolazwa pamoja kufanya mrija wa kunyonyea vidukari. Utumbo wake wa kati umezibwa nyuma, hata uchafu hautoki mpaka awe mdudu kamili. Likikaushwa hugeuka kuwa kipande cheusi kisichosema chochote. Lichovywe kwanza kwenye maji yanayokaribia kuchemka ili lisigeuke jeusi, kisha liingie kwenye spiriti ya asilimia 80. Mayai yake, ambayo kila moja husimama juu ya uzi mwembamba wa hariri, yapigwe picha hapo hapo kwenye jani.

Yote hayo yangekuwa rahisi kama tungeishi mahali pakavu. Tanga si mahali pakavu. Miaka ya mwanzo niliwaweka wadudu wangu wa pini kwenye sanduku la mbao nyumbani, Ngamiani, na masika yalipoingia nikaacha kulifungua kwa wiki tatu. Nilipolifungua, ukungu mweupe ulikuwa umefunika mafumbatio, na mmoja, ambaye nilimtarajia sana kwa sababu ya vidoa viwili vyekundu mashavuni, sisimizi walikuwa wamemla wote, wakaacha mabawa manne yamelala chini ya pini yake. Niliyaweka mabawa yale kwenye bahasha na bado ninayo, lakini bila kichwa na bila fumbatio hayawezi kubeba jina, yaani kuwa sampuli ambayo jina jipya la spishi linaitegemea. Tangu siku hiyo sanduku limekuwa la kufunga kwa nguvu, lenye naftalini kwenye kona na vifuko vya silika, chembe za kunyonya unyevu, ninavyovikausha jikoni kila wiki ya masika, na miguu ya meza inasimama kwenye vikopo vya mafuta ya taa kama bibi zetu walivyofanya kwa kabati la sukari. Asiyeweza kufanya hivyo, au anayekaa kambini Amani kwenye ukungu wa mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari bila umeme wa uhakika, ninamshauri kwa moyo wote atumie spiriti kwanza, hata kwa hasara ya rangi, kwa kuwa mdudu aliyefifia ni bora kuliko mdudu aliyeliwa. Ila aiepuke ile spiriti ya dukani iliyotiwa rangi, kwa sababu rangi hiyo huingia kwenye mdudu na kusomwa baadaye kama alama yake.

Mwenye wadudu kadhaa wa aina moja hana haja ya kuteseka na uchaguzi huu. Madume mawili na jike mmoja wakae kwenye pini, waliobaki waingie chupani. Mwenye mmoja tu ningemshauri amkaushe, lakini kabla ya hapo angoe mguu mmoja wa kulia, wa kati au wa nyuma, na kuutia kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kwa ajili ya vinasaba. Mguu wa kushoto unatosha kueleza umbo la kucha, kama zimenyooka tu au zimepanuka shinani, na vipande vitano vya wayo.

Uchaguzi wa pili, kati ya picha na mchoro, nitaupitia kwa ufupi kwa sababu hauna hatari ya kupoteza mdudu. Siku hizi kamera iliyofungwa kwenye hadubini hupiga picha nyingi kwa vina tofauti, na programu ya kompyuta huziunganisha kuwa moja iliyo wazi kutoka juu hadi chini. Kwa kichwa, kifua na mabawa picha hiyo haina mpinzani, mradi mstari wa kipimo uwekwe pembeni. Kwa viungo vya uzazi vilivyoangaa ndani ya gliserini nachagua penseli, kwa kuwa picha huonyesha kingo za mbele na za nyuma zikiwa zimelaliana, wakati mchoraji anayegeuza kitu kwa sindano anajua ni ukingo upi uko juu na anaweza kuuacha ule wa chini au kuuchora kwa nukta.

Wapo wanaouliza kama picha peke yake haitoshi, kwa kuwa inamwacha mdudu hai. Swali hilo ni la haki na ninaliheshimu. Mfano mzuri ni wa spishi iitwayo *Semachrysa jade*, ambayo Guek Hock Ping aliipiga picha huko Malaysia mwaka 2011 na kuiweka kwenye intaneti, ambako Shaun Winterton, mtaalamu wa wadudu hawa aliyekuwa Marekani, aliona mabawa yake yenye michoro myeusi na vidoa vya buluu inayong'aa na akatambua kwamba hajawahi kumwona popote. Picha ilikuwa nzuri, lakini hawakuandika kitu mpaka Guek aliporudi mahali palepale na kumpata mwingine, akampeleka kwa Steve Brooks kwenye makumbusho ya viumbe London, na maelezo yakatoka mwaka 2012. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai kwamba jina jipya liambatane na maelezo ya maneno yanayotaja sifa za kutofautisha, na kwa majina yaliyotolewa baada ya mwaka 1999 mwandishi ataje waziwazi sampuli inayobeba jina na mahali itakapohifadhiwa. Kwa hiyo picha inasaidia maneno, haiwezi kusimama badala yake.

Kuhusu maneno yenyewe, kanuni hizo hazilazimishi lugha fulani, zinapendekeza tu kwamba sifa za kutofautisha ziandikwe kwa lugha inayotumika sana kimataifa katika elimu ya wanyama. Maana yake ni kwamba maelezo kamili ya kichwa, kifua, bawa na fumbatio yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili na yakawa halali, yakifuatana na aya fupi ya lugha ya kigeni kwa ajili ya wataalamu wa mbali. Ninatamani sana kuliona hilo likifanyika kwa mdudu wa Usambara.

Lipo jambo moja ambalo hakuna pini wala spiriti inayoweza kulihifadhi. Katika jenasi ya *Chrysoperla*, baadhi ya spishi hazitofautishwi kwa umbo la mwili kwa uhakika, bali kwa namna dume na jike wanavyotikisa fumbatio na kupelekeana mitetemo kupitia jani au kijiti walichokalia, kila spishi na mdundo wake. Ikiwa mdudu wako anaelekea kuwa wa jenasi hiyo, mwache hai siku chache kwenye kikombe kilichofunikwa kwa chandarua, umpe maji na asali kwenye pamba, na utafute mwenye chombo cha kurekodi mitetemo kabla hujafikiria kitu kingine.

Linabaki swali la mtu mwenye jike mmoja peke yake, na hao ndio wengi. Anaweza kumweleza, na wako waliofanya hivyo, lakini ataacha wazi mlango ambao mtu mwingine ataupitia na dume la spishi jirani, na itachukua miaka kutenganisha majina. Mimi ningemkausha, ningechora kifuko chake cha mbegu, ningeandika rangi zake zote, kisha ningeomba tena kibali cha utafiti na kupanda Amani wakati wa vuli, nikatundike shuka kwenye mti uleule, saa ileile ya usiku, nimngoje dume.